Walikale: kufika kazini kusiwe deni la mfanyakazi

Tarehe 30 Oktoba 2025, kwenye mkutano wa Paris juu ya eneo la Maziwa Makuu, Rais wa Ufaransa Emmanuel Macron alitangaza kwamba uwanja wa ndege wa Goma utafunguliwa tena kwa ajili ya ndege za misaada. AFC/M23, wanaoushika mji wa Goma tangu mwisho wa Januari mwaka huo, wakajibu kwamba tangazo hilo limetolewa bila wao na halilingani na hali ilivyo. Kilichofuata kinajulikana: kila upande ukaanza kueleza nani mwenye haki ya kuufungua uwanja na nani hana.

Katika maneno hayo yote kuna mtu ambaye hakutajwa. Ni mfanyakazi ambaye ndege kwake haikuwa mambo ya diplomasia wala ya misaada. Ilikuwa njia ya kufika kazini. Tunamsemea muuguzi wa Walikale-centre mwenye watoto Goma, mkaguzi wa shule anayetakiwa kufika Mubi na Itebero, hakimu, karani wa teritwari, mhasibu wa kituo cha afya. Watu hawa hawaendi Walikale kutalii. Wametumwa kule na serikali, na bila wao hakuna serikali kule.

Msimamo wetu ni mwepesi kuueleza: safari ya kwenda kazini, mahali ambapo barabara imekatika, ni sehemu ya kazi yenyewe. Anayemtuma mtu aibebe. Kwa sasa mzigo huo uko kichwani mwa mfanyakazi, na mwishowe unamwangukia mgonjwa na mwanafunzi.

Tuanze na ramani, kwa sababu wengi wanaoamua juu ya Walikale hawajawahi kukanyaga huko. Teritwari hiyo ina kilometa za mraba 23 475. Ni kubwa kuliko teritwari zote za Kivu ya Kaskazini, karibu asilimia 40 ya jimbo zima. Kwa mstari ulionyooka, kutoka Goma mpaka Walikale-centre ni kama kilometa 130 tu, na ndege ndogo haimalizi saa moja. Chini, ni hadithi nyingine. Njia inapita Sake, inapanda milima ya Masisi, inateremka upande wa Nyabiondo na kuingia msituni. Hata kabla ya vita hivi, msimu wa mvua ulitosha kulaza lori njiani kwa siku nyingi, na kila kundi lenye silaha liliweka bariere yake na bei yake.

Sasa vita imeongeza ya kwake. Masisi-centre ilianguka mwanzoni mwa Januari 2025, Sake ikafuata, kisha Goma, na katikati ya Februari Bukavu pamoja na uwanja wake wa Kavumu. Maana yake ni kwamba barabara mbili zilizokuwa zikiiunganisha Walikale na miji ya Kivu, ile ya Masisi na ile ya Bunyakiri na Hombo, zote zinakatiza mistari ya mapigano. Iliyobaki ni ya magharibi, kupitia Lubutu mpaka Kisangani, zaidi ya kilometa 400.

Ongeza jambo moja. Tangu Goma ianguke, utawala wa jimbo upande wa serikali unafanyia kazi Beni. Kutoka Walikale mpaka Beni, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilometa 260. Lakini anayetaka kwenda kwa gari bila kupita katikati ya mapigano lazima azunguke Kisangani na Mambasa, safari inayozidi kilometa 1 000. Karani aliyeitwa Beni kupeleka ripoti au kufuatilia jina lake kwenye orodha ya mishahara anavuka majimbo manne ili kutoka teritwari moja ya jimbo lake na kufika mji mwingine wa jimbo hilohilo. Nani analipa safari hiyo? Mara nyingi ni yeye mwenyewe, kwa mshahara uleule anaokwenda kuufuatilia.

Ndiyo maana ndege si anasa huku. Wenyeji wa Walikale wanalijua hilo tangu zamani. Katika miaka ya 2000, baada ya kasiterite kugunduliwa Bisie, ndege ndogo zilizotoka Goma zilikuwa zikitua juu ya lami ya barabara ya kitaifa pale Kilambo, kwa kuwa kipande kile kilikuwa kimenyooka na kigumu. Magari yalisimamishwa, ndege ikateremka, ikashusha sabuni, bia, chumvi na nguo, ikapakia mifuko ya madini, ikaondoka. Abiria alikaa palipobaki nafasi, mara nyingi karibu na mzigo au juu yake. Hakuna aliyeuita utaratibu huo usafiri wa wafanyakazi, lakini ndio uliokuwepo. Mwalimu na muuguzi walisafiri kwa hisani ya mfuko wa kasiterite. Bei ya madini ilipopanda, ndege zilikuwa nyingi. Rais Joseph Kabila aliposimamisha uchimbaji Septemba 2010 mpaka Machi 2011, hesabu ya kila rubani na kila mfanyabiashara ilibadilika, na aliyetegemea kiti karibu na mzigo akatafuta njia nyingine.

Hilo ndilo kosa la kwanza tunalotaka lisirudiwe. Njia ya kwenda kazini haiwezi kutegemea bei ya madini London wala hisani ya mwenye mzigo.

Inafaa kuwatazama watu ambao ndege ndiyo kazi yao. Wengi wetu tunadhani rubani anaishi karibu na uwanja wake. Sivyo. Katika mashirika makubwa, hasa Marekani, marubani wengi wanaishi mji mmoja na kituo chao cha kazi kiko mji mwingine, pengine mbali kuliko Goma na Kinshasa. Kabla ya kurusha ndege yao, wao wenyewe wanapanda ndege kama abiria. Mashirika yamezoea kupeana nafasi: kiti kikibaki, rubani wa shirika jingine anapewa, na ndege ikijaa, kuna kiti kidogo ndani ya chumba cha marubani anachoweza kukikalia. Na kwa kuwa ndege hujaa, huchelewa au hufutwa, mashirika mengi yameweka kanuni. Rubani hupanga safari mbili, siyo moja, kila moja ikiwa na uwezo wa kumfikisha kabla ya zamu. Akijaribu zote mbili na kukwama, huarifu, na hahesabiwi kama mtoro.

Somo la pili walilipata kwa machozi. Tarehe 12 Februari 2009, ndege ya Colgan Air iliyotoka Newark ilianguka juu ya nyumba karibu na mji wa Buffalo, na watu 50 wakafa. Nahodha alikuwa akiishi Florida. Msaidizi wake alikuwa akiishi upande wa Seattle, ng'ambo ya nchi, na usiku wa kuamkia siku ile alisafiri akibadilisha ndege njiani ili afike Newark. Wachunguzi walisema sababu ya ajali ni jinsi nahodha alivyoitikia vibaya onyo kwamba ndege inapoteza mwendo. Lakini waliandika pia kwamba uchovu huenda uliwapunguzia wote wawili uwezo, hata kama haikuwezekana kupima kwa kiasi gani. Familia za waliokufa hazikunyamaza. Mwaka 2010 Bunge la Marekani lilipitisha sheria, na tangu Januari 2014 rubani wa ndege za abiria lazima apate saa 10 za mapumziko kabla ya zamu, na ndani yake nafasi ya kulala saa 8.

Marekani si Walikale, na hatusemi tuige kila kitu. Rubani yule alichagua mwenyewe kuishi mbali, na mshahara wake haufanani na wa muuguzi wa Pinga. Lakini tofauti hiyo inaipa hoja yetu nguvu zaidi. Ikiwa mtu aliyechagua kuishi mbali anawekewa utaratibu wa kufika kazini salama, vipi yule ambaye hakuchagua? Muuguzi wa Walikale hakuchagua vita iipite nyumba yake ya Goma upande mmoja na kituo chake cha kazi upande mwingine.

Na uchovu haubaki njiani. Unaingia kazini pamoja na mtu. Mganga aliyekaa siku nne juu ya pikipiki kutoka Kisangani, akalala Lubutu kwenye benchi, akalipa bariere mpaka mfuko ukaisha, anafika hospitali na kukuta mama anayehitaji kupasuliwa usiku uleule. Mkono unaotetemeka kwa kukosa usingizi ni hatari chumbani mwa upasuaji sawa na kwenye usukani wa ndege. Tofauti ni kwamba ndege ikianguka dunia nzima inasikia, na mama akifa Walikale wanasikia watu wa kijiji chake.

Hapa kwetu tuna mfano wa karibu zaidi unaoonyesha kwamba jambo hili ni la uamuzi, si la muujiza. Tarehe 13 Machi 2025, M23 walipokuwa wakisogea, Alphamin, kampuni inayochimba bati pale Bisie, ilisimamisha kazi na kuwaondoa wafanyakazi wake mgodini, ikabakiza wachache wa kulinda na kutunza mitambo. Siku chache baadaye Walikale-centre ikaanguka. Waasi walipoondoka mwanzoni mwa Aprili, kampuni ikatangaza, tarehe 9 ya mwezi huo, kwamba inarudi kazini hatua kwa hatua. Hatuisifu kampuni kupita kiasi: inalinda mali yake na faida yake. Lakini ilijua wafanyakazi wake wako wapi, ilikuwa na mpango wa kuwatoa na mpango wa kuwarudisha. Je, ni ofisi gani ya serikali ingeweza kusema siku ile walimu wake wangapi wako Walikale-centre, wangapi wamekimbilia msituni, na nani atawarudisha darasani? Madini yalikuwa na mpango wa safari. Shule na hospitali hazikuwa nao.

Masisi nayo inafundisha. Masisi-centre iko kama kilometa 80 tu kutoka Goma, lakini haina ndege za abiria za kawaida. Angani, zaidi ni helikopta za Umoja wa Mataifa na za wenye misaada. Januari 2025, mapigano yalipoingia mjini, maelfu ya watu walikimbilia kwenye uwanja wa hospitali kuu, ambayo Madaktari Wasio na Mipaka wanaisaidia tangu miaka mingi. Waliopokea majeruhi ni wafanyakazi waliokuwa tayari pale. Wenzao waliokuwa mapumzikoni Goma hawakuweza kupanda kuwasaidia, na waliokuwa kazini hawakuweza kushuka kupumzika. Siku kama hizo ndipo mtu anaelewa kwamba zamu ya kupokezana si starehe. Bila njia ya kuaminika hakuna kupokezana, na bila kupokezana, hata aliye na moyo wa chuma huchoka.

Tunajua majibu tutakayopewa. La kwanza: mfanyakazi aishi pale anapofanya kazi, basi tatizo limekwisha. Wengi wanaishi pale, na tunawaheshimu. Lakini hata anayeishi Walikale hulazimika kutoka. Anatoka kwa mafunzo, kwa matibabu ya mtoto, kwa kuchukua dawa, kwa kupeleka ripoti. Anatoka kwa mshahara, hasa tangu benki za Goma zifungwe. Kwenye maeneo yasiyo na benki Caritas imekuwa ikiwalipa walimu, lakini hata fedha hizo hazina mabawa: zinahitaji njia ileile ambayo mwalimu ameikosa.

Jibu la pili: fedha hazipo. Tunauliza, hesabu imefanywa? Mwalimu anayetumia mshahara wa miezi miwili kusafiri anakosa vipindi vya wiki nzima. Mkaguzi asiyefika anasaini ripoti ya shule ambayo hajaiona. Chanjo iliyochelewa njiani bila baridi inatupwa. Hasara hizo zinalipwa kila siku, ila hazina stakabadhi. Kiti kwenye ndege kina bei inayoonekana, ndiyo maana kinaogopwa.

Jibu la tatu ni zito zaidi: ndege zetu ni hatari. Kweli. Goma haijasahau tarehe 15 Aprili 2008, ndege ya Hewa Bora iliposhindwa kuruka na kuingia Birere. Haijasahau tarehe 24 Novemba 2019, ndege ndogo ya Busy Bee iliyokuwa ikielekea Beni ilipoanguka juu ya nyumba za Mapendo dakika chache baada ya kuondoka. Mashirika yote ya ndege ya nchi yetu yamepigwa marufuku kwenye anga ya Umoja wa Ulaya kwa miaka mingi, na si kwa chuki. Lakini hoja hii haimwambii mfanyakazi asisafiri, kwa sababu atasafiri tu. Inamwambia mwenye mamlaka asimamie. Ndege ndogo inayotua kwenye kiwanja kifupi msituni inahitaji mizani ya kweli ya mizigo, orodha ya kweli ya abiria, matengenezo yaliyoandikwa, na rubani aliyelala. Abiria wa Walikale ana haki ya kujua kama anayemrusha ameshafanya safari tano tangu alfajiri.

Basi tunaomba mambo matano, na tunayaelekeza kwa wenye majina.

Kwa serikali ya Kinshasa na kwa liwali wa jimbo aliyeko Beni: tengenezeni orodha ya wafanyakazi wa serikali waliopangiwa Walikale na sehemu za Masisi zinazofikika, kisha nunueni viti vya kudumu kwenye ndege zinazokwenda upande huo, kutoka Kisangani au Beni. Viti vichache kwa wiki, vyenye jina la ofisi na siyo la mkubwa. Mganga, mwalimu, hakimu, karatasi za mtihani wa taifa na chanjo vitangulie. Wajumbe wa sherehe wangoje.

Kwa wizara za elimu, afya na kazi za umma: wekeni kanuni iliyo wazi kwa aliyekwama. Mfanyakazi aliyejaribu njia mbili, akaarifu, na njia zote zikafungwa na mapigano, asiandikwe mtoro wala kufutwa kwenye orodha ya mishahara. Na aliyefika baada ya safari ndefu apewe siku moja ya kulala kabla ya kupewa zamu ya usiku. Hili la siku moja halihitaji fedha ya mfadhili yeyote.

Kwa Mamlaka ya usafiri wa anga na RVA: kagueni viwanja vya Walikale na ndege zinazovitumia, na mtangaze matokeo. Kiwanja kisichofaa kifungwe au kitengenezwe. Kuacha watu watue kwa bahati na kuhesabu maiti baadaye si usimamizi.

Kwa AFC/M23 na kwa Kinshasa pamoja: uwanja wa Goma ulijengwa kwa fedha za wananchi. Lava ya Nyiragongo iliufunika kwa sehemu Januari 2002, ukafufuliwa. Kama volkano haikuuzika, msiuzike ninyi. Mnapoketi kuzungumza juu ya ndege za misaada, wekeni kwenye meza hiyohiyo wafanyakazi wa afya na wa elimu: ruhusa ya kupita, kwa ndege au kwa barabara, bila kuulizwa wanatoka upande gani. Mgonjwa wa Nyabiondo na mwanafunzi wa Pinga hawana upande.

La mwisho ni kwetu sote, tusije tukadanganyika. Ndege inabeba watu kumi au kumi na tano. Haibebi muhogo wa Walikale, mawese yake, wala maharagwe na jibini za Masisi. Haimbebi mama anayeshika uchungu saa nane ya usiku kilometa 40 kutoka hospitali. Huyo anangoja pikipiki, au mabega ya vijana na machela. Kwa hiyo kiti cha ndege tunachokiomba leo kisigeuke kisingizio cha kuisahau barabara kesho. Nchi ambayo wafanyakazi wake wanaruka juu ya watu wanaowatumikia huzoea kuwatazama kwa mbali. Barabara ya Sake, Masisi na Walikale, na ile ya Bukavu, Hombo na Walikale, zibaki kwenye kila mkataba wa amani na kila bajeti ya jimbo, kwa majina yake.

Kwa sasa, lakini, darasa linamngoja mwalimu na wodi inamngoja mganga. Wako tayari kwenda. Wengi wamekwenda kwa fedha zao na kwa roho zao mkononi, mwaka baada ya mwaka, bila kupigiwa makofi. Aliyewatuma awafungulie njia, awalipie, na awape usiku mmoja wa kulala kabla hajawakabidhi maisha ya wengine.